Sebule ya Wanachama

Palikuwa na hoteli ufukweni ambayo matajiri waliinunua kwa ubia, kila mtu na wiki yake ya kukaa humo kila mwaka, na sebule yenye kiyoyozi ilikuwa yao peke yao. Mashavu, mpangaji wa siku moja, alifika mlangoni jasho likimchuruzika, harufu ya pilau ikimwita.

Mwenyekiti wao, Bwana Shebughe, alimzuia.

"Asiye mwanachama haingii mpaka mwanachama amkaribishe kwa kinywa chake. Na mimi sikukaribishi ng'o!"

"Je, nikikaribishwa?"

"Nitakupakulia pilau mwenyewe!"

"Haya baba, nimekusikia."

Mlango ukafungwa. Mashavu alingoja mpaka aliposikia vijiko vikigonga sahani, ndipo akabisha.

"Hodi!"

"Karibu!" akaitikia Bwana Shebughe, mdomo umejaa.

"Ahsante, nimekaribia," akasema Mashavu, keshavua viatu. "Nipakulie, baba."