Jina la Mjukuu wa Mwasiti

Sikilizeni kisa hiki, kisha hukumu itakuwa yenu.

Wanawake watatu waliongozana kwenda Ng'eluma, mji mkuu wa nchi yao. Tulizo hakujua woga. Nambula alijua asili ya kila jina la mahali. Siwema akisikia neno mara moja, alijua ulimi umekaa wapi. Mbele yao alitembea Mwasiti, mkunga kutoka nchi ya mbali, waliyekutana naye njiani. Bintiye aliyeolewa mjini humo alikuwa na siku ya pili ya uchungu.

Ilikuwa wakati wa vita. Langoni askari walimuuliza kila mgeni jina la mji. Maadui waliuita Ngeluma, na aliyetamka hivyo alichomwa mkuki.

"Ngeluma," alisema Mwasiti. Lugha ya kwao haikuwa na sauti ya ng'. Aliona mkuki ukiinuliwa, akamwaza bintiye.

Tulizo akaingia kati, ncha ya mkuki ikamgusa kifua. Akawaambia askari kwamba wakitaka kumuua mkunga, waanze na yeye. Mkubwa wao akasita. Akatoa nafasi moja tu: mgeni akikosea tena, watakufa wote wawili.

Siwema akamshika Mwasiti kidevu. "Mama, usiigonge ile g. Rudisha ulimi nyuma, sauti itokee puani." Mwasiti akajaribu kimoyomoyo. Hakujua sauti hiyo aitafute wapi.

Ndipo Nambula akamnong'oneza kwamba waanzilishi wa mji walifika hapo wakimfuata ng'ombe aliyepotelewa na ndama, na jina lile ni mlio wake akimwita mwanawe.

Mwasiti akafumba macho. Akauweka ulimi alipoelekezwa, akamwita bintiye.

"Ng'eluma."

Mkuki ukashuka.

Alimkuta bintiye hoi, mtoto amekaa vibaya. Akamgeuza taratibu, na kabla ya jua kuzama akazaliwa msichana, mama mzima. Bintiye akataka mtoto apewe jina la aliyemfikisha mama yake. Kwa desturi yao, mtu hupewa jina moja tu maishani.

Mwasiti akatoka na mtoto. Wale watatu walikuwa mlangoni. Tulizo alisema maiti haifundishwi kutamka. Siwema akasema ulimi ule yeye ndiye aliyeuweka mahali pake. Nambula hakubishana, aliuliza tu, "Kabla sijakwambia, uliweza?"

Mwasiti akawatazama mmoja mmoja. Ndani, bintiye aliuliza mtoto anaitwa nani.

Haya, ninyi mliosikia: mjibuni. Anaitwa nani?