Mawimbi ya Bwana Shekue

Fundi Mishi alifunga maboya yake baharini, kila wimbi likawa umeme, na kijiji kizima kikawaka taa. Bwana Shekue, mwenye hoteli ufukweni, akaja amevimba.

"Mawimbi haya yanapiga ufuko wangu, kwa hiyo ni yangu. Umeme wote uje hotelini."

"Ni yako yote, bwana mkubwa? Hata yale makali ya msimu wa kusi?"

"Yote, tangu enzi za babu yangu."

"Basi niandikie, nisije nikakosea tena."

Akaandika, akatia sahihi, akaondoka akichekelea.

Kijijini hapo, mbuzi akila shamba la mtu, mwenye mbuzi ndiye anayelipa. Ijumaa, Mishi akawasomea wazee ile karatasi.

"Yale mawimbi ya kusi yaliyobomoa madrasa yetu mwaka jana," akasema, "mwenyewe tumempata."

Bwana Shekue akaapa kwamba hajawahi kumiliki hata povu.