Moto kwenye Ghala la Fisi

Hapo zamani za kale, kabla wanyama hawajanyang'anywa simu zao, palikuwa na pimbi mmoja aliyeitwa Tunu. Mnacheka nini? Simu walikuwa nazo, tena nzuri! Twiga ndiye hakuwahi kukosa mtandao hata siku moja.

Tunu aliishi kwenye mwamba wa Kilima Upepo. Alikuwa amejifungua pacha, na kipupwe kilikuwa kinakaribia. Upepo wa kilima kile, wanangu, hauna huruma. Mwaka uliotangulia ulimchukulia mtoto mmoja. Tunu aliogopa, aliogopa sana, ingawa mbele za watu alikuwa anapiga soga tu.

Ndipo akaliona kwenye simu tangazo la Fisi. Fisi amejiegemeza kwenye blanketi, meno yote nje: "Mablanketi mazito! Mzigo uko ghalani kwangu, Mtaa wa Mgunga! Ukiagiza asubuhi, jioni umejifunika!"

Mtaa wa Mgunga! Si pale tu bondeni? Tunu akapeleka kopo lake la mwisho la asali, akangoja jioni. Jioni ikapita. Zikapita jioni ishirini.

Akapiga simu. Ngriii! Ngriii!

"Bwana Fisi, ni Tunu. Blanketi langu liko wapi?"

"Aaa, dada yangu Tunu! Mteja wangu wa nguvu! Ngiri kashapakia kwenye pikipiki, yuko hapo kona."

"Kona ipi?"

"Hiyo hiyo kona!"

Tunu alitoka mbio, akazunguka kona zote za bonde. Akamkuta Ngiri amelala chali kando ya pikipiki yake, anakoroma khoo, khoo, na habari ya blanketi hana.

Kesho yake akapiga tena.

"Mto umefurika, dada yangu," alisema Fisi.

"Mto gani, na ukavu huu? Ghala lako naliona kutoka mlangoni kwangu! Basi nakuja kuchukua mwenyewe."

"We! Ghalani haingii mteja. Ni utaratibu."

Simu ikakatwa. Kata!

Tunu akaenda kwa jirani yake Kanga, ambaye naye aliwahi kununua chungu kwa Fisi. Chungu kilichukua miezi miwili kufika, kikiwa kimefungwa kwa majani makavu.

"Haya ni majani gani, shoga?"

"Mianzi."

"Na hapa kwetu mianzi inaota wapi?"

Kanga akafikiri mpaka shingo ikapinda. "Hapa? Haioti. Mianzi iko ng'ambo ya milima, kwa akina Ngedere."

"Alaa!" Tunu akapiga mluzi. "Kumbe mzigo unatoka ng'ambo ya milima, na sisi tunaambiwa uko Mgunga!"

Lakini nani angemwambia Fisi afungue mlango? Taya zile zinavunja mfupa kah! kama wewe unavyovunja karanga. Tunu alirudi nyumbani, akawatazama pacha wake wamekumbatiana, akakumbuka desturi moja ya bonde lile.

Moto ukiwaka, hakuna hodi. Kila mwenye miguu anakuja, mlango unavunjwa, mali inatolewa kwanza, maswali baadaye. Asiyekwenda kwenye moto wa mwenzake, siku akifa hazikwi na mtu.

Tunu akachukua chungu chake cha kupikia, akatia makaa mawili na majani mabichi tele. Akakiweka juu ya jiwe nyuma ya ghala. Moto haukuwepo hata wa kuchoma kiazi, lakini moshi! Puuu! Ulifunika paa zima.

"Motooo! Jamani, motooo! Ghala la Fisiii!"

Gudugudugudu! Nyati huyo. Twiga huyo. Tembo anakuja na mkonga umejaa maji. Kanga anapiga kelele kuliko wote, mikono mitupu.

Fisi akatoka nyumbani kwake akitafuna. Aliuona moshi, akaacha kutafuna. Ghala likiungua, nani tena atamwuliza mzigo wake? Akajitupa chini, akagaagaa vumbini.

"Uwiii! Mablanketi yenu, jamani! La Tunu limo! La Twiga limo! Na kitanda cha Mzee Tembo kimo! Vyote vimeteketea! Ni kazi ya Mungu, mtu asinidai!"

Tunu akamsogelea, sauti nyororo. "Pole, kaka yangu. Kweli vimo humo?"

"Vimejaa mpaka darini!"

"Unaapa?"

"Naapa kwa taya za babu yangu!"

"Majirani, mmemsikia!" Tunu akaruka juu. "Mali imo! Bado hatujachelewa! Mzee Nyati, mlango!"

"Hapana!" Fisi akasimama wima. "Ngojeni! Acheni tu viungue!"

"Masikini, uchungu umempanda kichwani," alisema Nyati, naye alimhurumia kweli. "Kaa kando, ndugu yetu, tukuokolee mali."

Akarudi nyuma hatua kumi. Gudugudu, BAAM!

Mlango ukalala chini. Tembo akamwaga maji kupita juu ya paa, chwaaa, moshi ukakatika. Wote wakachungulia.

Ghala lilikuwa limefagiwa safi. Blanketi moja lilikuwa limepigiliwa ukutani kwa misumari. Mbele yake palikuwa na kigoda cha kusimamishia simu. Mjusi alitoka, akawaangalia, akarudi zake.

Twiga akaingiza shingo, akaitoa. "Nimetazama mpaka darini," alisema. "Hamna kitu."

"Hi hi hi," Fisi akacheka peke yake. "Viko... viko ng'ambo ya milima. Mkiagiza kwangu, nami naagiza kwa Ngedere. Nikisema ukweli, nani atangoja miezi miwili?"

"Ungesema, ningeagiza mapema!" Tunu alifoka, sasa machozi yakimtoka. "Ningejua! Nisingekaa nangoja kona!"

Nyati akazunguka nyuma ya ghala, akarudi na chungu. Akakitazama, akamtazama Tunu.

"Cha kwangu hicho, Mzee," alisema Tunu. "Asante."

Nyati akaanza kucheka mpaka pembe zikagonga ukuta.

Tembo akamgeukia Fisi. "Mzigo wetu utaufuata mwenyewe. Kwa miguu, na mgongoni."

Fisi alikwenda, akarudi, akaenda tena, mpaka mgongo ukainama nyuma. Nendeni mkamtazame, haujanyooka hadi leo.

Lakini kabla Fisi hajaondoka, Tunu aling'oa blanketi ukutani.

"Hilo ni la kupigia picha!" Fisi alilia.

"Nitakutumia ya wanangu wakiwa ndani yake."

Kipupwe kiliingia wiki hiyo hiyo, kikivuma juu ya mwamba vuuu, vuuu. Pacha walikuwa wamelala, vidole vikichungulia kwenye matundu ya misumari. Tunu alikaa kando yao anawahesabu: mmoja, wawili. Mmoja, wawili.

Hadithi imejifunika, imelala, na funzo lake ndilo hili: mwenye kuuza asicho nacho, siku ya moto hana cha kuokoa.