Kiwanda cha Fisi Kisicho na Mlango

Paukwa.
Pakawa.
Palikuwa na nini?
Palikuwa na kiwanda.
Cha nani?
Cha mwenye meno makubwa.
Na wafanyakazi?
Wenye meno madogo.

Haya, kaeni vizuri. Hadithi hii ni chungu na sina sukari ya kuwatilia.

Hapo kale Bwana Fisi alikuwa na kiwanda cha kushona mablanketi. Wanunuzi wake walikuwa ndege wa nchi za baridi, washonaji wake walikuwa panya. Kukicha panya wanaingia, Fisi anafunga mlango, kufuli ka-cha. Cherehani kataka-kataka-kataka mpaka magharibi. Jua likizama, kufuli ka-cha, panya wanatoka. Katikati hatoki mtu, awe mgonjwa, awe mzazi.

Bi Panya alikuwa mzazi. Aliacha watoto sita tunduni, hatua chache nje ya ukuta. Mchana aliwasikia, nyii, nyii, nyii, maziwa yanamtiririka kifuani, na mlango umefungwa. Siku ya tano hakusikia kitu. Akashona hivyo hivyo mpaka magharibi. Msiniulize alikuta nini.

Mola akamjalia wengine, wanne. Akaapa kwamba hawa kufuli halitawaua.

Sasa, kila mwaka Korongo alikuja kukagua. Ndege wa baridi walisikia kwamba mablanketi mengine yana machozi ndani yake, wakakosa usingizi, basi wakamtuma yeye. Lakini Korongo ana adabu zake, taarifa yake hutangulia wiki mbili. Ikifika, Fisi anapaka ukuta chokaa. Anagawa barakoa za kuzuia vumbi la pamba. Anafungua mlango. Anawafundisha panya majibu, nao wanayakariri: "Tunakula vizuri, tunapumzika vizuri, bosi ni baba yetu." Korongo anatia alama, vyema, vyema, vyema, anakula samaki, anaruka zake. Barakoa zinarudi kabatini, kufuli ka-cha.

Mwaka mmoja Mama Buku, mshonaji mwenzao, alisema kweli. Korongo akayaandika maneno yake, akampa Fisi ayasome, maana ndio utaratibu. Mama Buku hakuonekana tena, na Fisi alishinda wiki nzima anacheua.

Kwa hiyo taarifa ilipofika mwaka ule, Bi Panya hakwenda kwa Korongo. Alikwenda kwa Fisi.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Nani kakuruhusu kuacha cherehani?"

"Nina uchungu na kiwanda chetu. Nguruwe wa ng'ambo ya mto atachukua oda zetu zote."

Fisi akameza mate. "Kafanya nini?"

"Wewe unaufungua mlango tu. Korongo akiona kufuli linang'aa, atajua linatumika kila siku. Mwenzako kaung'oa mlango wote. Mgeni akiondoka, anaurudisha."

"Na wangu nitauficha wapi?"

"Kwa Mchwa. Hawatoki nje, hawana maneno."

Tamaa ikiingia kichwani mwa Fisi, akili hupisha njia. Akaung'oa mlango, akaubeba mwenyewe mgongoni, akawakabidhi Mchwa.

Korongo akaja, miguu mirefu, orodha kwapani. Akawauliza panya mbele ya Fisi, kama kawaida yake.

"Huwa mnafungiwa?"

"Hatufungiwi, mgeni wetu," akasema Bi Panya. "Hata mlango bosi kauondoa. Anasema mlango ni wa zizi. Ametuapia kwamba hautarudi."

Fisi akatabasamu kwa meno yote, angefanya nini? Korongo akalengwalengwa na machozi. "Nitawaambia ndege wote," akasema. "Watakuja kujionea, siku yoyote, na bila taarifa. Nyumba isiyo na mlango utaipigia hodi wapi?"

Alipopaa tu, Fisi mbio kwa Mchwa. Kwaru, kwaru, kwaru.

"Nipeni mlango wangu."

"Tumeutunza, bwana."

"Uko wapi?"

"Tumboni. Bawaba zimetushinda, hizo hapo."

Fisi angeweza kuchonga mwingine, lakini aliporudi alikuta mbayuwayu katua kwenye kizingiti, anashangaa. Kesho wakaja wawili. Keshokutwa kumi. Basi pale pakabaki wazi, na kila mchana Bi Panya alitoka, akanyonyesha, akarudi. Fisi alimtazama, akasaga meno.

Lakini hakusaga kwa muda mrefu. Sifa zilienea, akaitwa nchi za baridi akavishwa nishani, akahutubia juu ya huruma. Oda zikawa maradufu, na panya wakashona maradufu. Kila mgeni alitazama pale pasipo na mlango, akatikisa kichwa kwa kupendezwa, akaenda zake. Ya vumbi hakuna aliyeuliza, na barakoa zilikaa kabatini.

Watoto wa Bi Panya walinenepa wote wanne. Wakaota meno, wakajifunza kutembea, na asubuhi moja wakamfuata mama yao mpaka kiwandani. Hapakuwa na kitu cha kuwazuia. Fisi akawakaribisha kwa upole, akampa kila mmoja cherehani yake.

Hadithi yangu imegota. Utamu mgawane, uchungu niachieni mimi, nimeuzoea. Na funzo lake, wanangu, kama nami nilivyokaririshwa, ni hili: mnyonge mwenye shida aseme kweli bila woga, wakubwa watamsikia.