Mkeka wa Mkunga Ukurasani

Siku ile kwenye kiwanda cha chapa walikuwapo watu wazima wanne na mtoto mchanga mmoja: Mzee Msangi mwenye mashine, Mwalimu Mbonea mwandishi, Bi Nakiete binti wa marehemu mkunga, na Namkunda mpanga herufi, mwanawe amelala mgongoni.

Enzi hizo ukurasa ulikuwa kama shamba lisilo na mpaka. Maneno ya mwandishi na yale aliyoyanukuu kwa mwingine yalipangwa sawasawa, ukingo hadi ukingo, bila alama ya kuyatenga. Msomaji alibahatisha tu.

Mwalimu alikuwa ameandika kitabu cha uzazi. Humo aliweka maneno ya mkunga: mzazi asiulizwe kwa ukali, apewe uji kwanza, aibu yake ifunikwe. Papo hapo akaongeza yake, kwamba wanawake wa mlimani ni wavivu wa kuoga. Kurasa za majaribio ziliposomwa mbele ya watu, majirani walidhani yote kayasema mkunga. Wakaacha kumwamkia Nakiete, na kaburi la mama yake likaota magugu.

"Mama hakumtukana mtu," alisema Nakiete. "Na leo mnachapa kitabu kizima."

"Dada, maneno yake sikuyagusa hata moja," alijibu Mwalimu.

"Hukuyagusa, lakini umeyabana na yako."

Mzee Msangi akakohoa. "Hapo, Mwalimu, jijibie mwenyewe."

 Namkunda aliwaza jinsi kwao mgeni anavyotandikiwa mkeka wake, mbali kidogo na ukuta, asibanwe na mtu. Akachukua vipande vya madini ya risasi visivyo na herufi, vya kujazia nafasi, akavipanga mwanzoni na mwishoni mwa kila mstari wa mkunga. Juu akaacha nafasi, na chini vilevile. Kisha akapiga chapa karatasi moja.

Nakiete hakujua kusoma. Alipitisha kidole kwenye ule weupe, taratibu. "Huyu hapa ni mama," akasema. "Amekaa kwake."

Mwalimu naye aliiona sentensi yake, imebaki ukingoni peke yake.

"Namkunda, hiyo yangu itoe."

"Nimekwisha kuzilegeza herufi zake, Mwalimu."

Na tangu siku hiyo, maneno marefu ya mtu mwingine husogezwa ndani ya ukurasa, na kuachiwa nafasi pande zote, ili kila mmoja abebe aliyoyasema.

Mvua za vuli zilipoanza, kaburi la mkunga lilikuwa limepaliliwa na majirani.