Samaki Asiye na Matamvua

Hapo kale, watoto, wanyama wa pwani za baridi za Ulaya walikuwa na nyumba zao, sheria zao na mwezi wao wa mfungo. Mwezi huo nyama ilikatazwa. Samaki tu ndiye aliyeruhusiwa. Mfalme wao alikuwa Dubu, na njaa ilikuwa imemkaba.

Asubuhi moja maji yalipokupwa, mtoto wa nyangumi alikutwa amekwama mchangani. Phuuu! Akapumua, mvuke ukapanda.

"Salaale! Jini la moshi!" akalia Mbwamwitu. "Wazee walisema, tumboni lina moto!"

"Moto gani, we mwoga?" akafoka Dubu. "Anaishi majini, kwa hiyo ni samaki. Leteni visu!"

Fisi Maji alikuwa kando akikausha manyoya. Maneno hayo yalimchoma. Yeye naye aliishi majini.

"Na mimi je, mfalme?"

Dubu akamtazama toka masharubu hadi mkia. "Wewe utakuwa kitoweo cha kesho."

Wakacheka, kwa kwa kwa! Fisi Maji naye akacheka, ila jicho lake lilikuwa baharini. Maji yalikuwa yameanza kurudi.

"Vyema, mfalme. Lakini anayekula nyama mwezi huu hakalii kiti cha enzi tena. Sheria ni yako mwenyewe. Mkague kwanza. Samaki ana matamvua ya kupumulia majini. Ukiyaona, mchinje."

"Hilo tu? Mbwamwitu, tafuta!"

Mbwamwitu akapapasa shingoni. Hakuna. Dubu akapapasa nyuma ya mapezi. Hakuna.

"Labda yamelaliwa," akasema Fisi Maji. "Mbingirisheni, kwa upande ule wa mteremko."

Haya! Hee! Wakasukuma.

"Huku nako hakuna!"

"Basi tena kidogo, mfalme. Samaki mnene huyaficha."

Wakasukuma tena, wakihema, wala hawakuona kwamba maji yamewafika kiunoni. Mara mkia ukapiga, pwaa! Dubu akaanguka chali, na mtoto akaenda zake.

Kwenye kina mama yake alikuwa akingoja. Akajilaza ubavu, maziwa meupe yakatia ukungu majini, mtoto akanyonya.

"Samaki... ananyonyesha?" akauliza Dubu, akitema maji ya chumvi.

"Kiti chako kimeponea chupuchupu, mfalme," akajibu Fisi Maji, kichwa tu kikionekana juu ya maji. "Niruhusu niende. Nami nina wangu wanaosubiri kunyonya."

Chubwi! Akazama.

Kiumbe hajulikani kwa makazi yake wala kwa uvumi; hujulikana kwa kukaguliwa.