Dada wa Pichani

Mkakasi ni kikopo cha mti kilichonakshiwa nje hadi macho yakapumbaa. Ukikifunua, ni mti mtupu. Wahenga walituonya, lakini nani siku hizi anawasikiliza wahenga? Tunasikiliza simu.

Fundi cherehani mmoja alikuwa na miaka kumi ya ndoa bila mtoto, na maneno ya watu ya kujaza kapu. Katika hospitali kuukuu, mzee wa maabara asiyecheka hata ukimtekenya alihangaika naye mpaka akapata kiinitete kimoja, mimba changa iliyotungwa nje ya tumbo, akakigandisha. Kimoja tu. Fundi alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na daktari alishamwambia mayai yamekwisha.

"Wifi, pale mnafuata nini?" dada wa mumewe alimwuliza, akimsogezea simu. "Ona kliniki hii. Huyu ndiye mlezi wao wa viinitete."

Pichani dada mmoja, koti jeupe pe pe pe, ameshika darubini anatabasamu. Chini yake: "Mikono yenye upendo. Uzoefu wa miaka kumi na mitano."

"Mzee ndiye aliyetufikisha hapa," mume alisema. "Tusimwache."

"Mzee mwenyewe hata picha hana!" wifi akadakia.

Fundi alimpenda yule dada, jamani. Kwa miezi mitatu alimtazama kila asubuhi kabla ya kushona, akamwombea dua. Siku ya kukihamishia kiinitete kliniki ile, mzee alimwambia neno moja tu: "Mwanangu, uliza nani atakiyeyusha."

"Nimeshamwona," fundi akajibu kwa fahari.

Siku ya kupandikizwa ikafika. Fundi amelala kitandani, tayari, daktari akaingia bila kumtazama usoni. Kiinitete kilikuwa kimekufa katika kuyeyushwa.

"Pole, mama. Hutokea."

"Niitie aliyekishika. Yule dada wa pichani."

Akaja kutoka mapokezi, kalamu sikioni.

"Mimi, mama? Mimi naandikisha wagonjwa. Siku ya picha walinivika koti, wakaniambia nicheke." Machozi yakamlengalenga. "Mtaalamu huja Alhamisi tu. Leo amekiyeyusha yule anayepima damu. Ndiyo mara yake ya kwanza."

Nyumbani mume aligeukia ukuta. Fundi akaifungua ile picha, akaikuza. Yeye aliyeweza kuona mshono uliopinda akiwa mlangoni, leo ndipo alipouona waya wa darubini: umekunjwa, umefungwa mpira, haukuchomekwa popote. Miezi mitatu alitazama cherehani isiyo na uzi, akaamini inashona. Alilia kwa uchungu, na kwa aibu pia.

Wifi akapiga simu. "Pole, wifi yangu. Lakini si walionekana wazuri?"

"Walionekana, wifi," fundi akasema. "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti."